Shairi la Arobaini ya Baba

Mikindani, Mtwara

Mama yangu, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Huko Ujiji mvua zimeanza? Mie mzima, nimenenepa hata. Msimu wa korosho umechangamka, nazungusha masufuria kwa baiskeli mpaka Mpapura. Kimakonde changu kinatosha kuomba maji ya kunywa, nikizidisha wananicheka.

Sasa kaa chini, mama. Hapa kuna Bi Mwanahawa, anafundisha wanawake madrasa. Juzi kaja kuchagua sufuria, nikamghania lile shairi nililosoma kwenye arobaini ya baba. Si unanijua, nikitaka kuuza naimba. Akaniambia Waarabu wa zamani, mashairi ya msiba yalikuwa hasa ya wanawake. Mwanamke akifiwa na baba au kaka anatunga shairi, watu wanalihifadhi, linasafiri.

"Sasa wanaume walikuwa wapi, bibi?"

"Si ndio waliokufa."

Nikacheka mpaka mfuniko ukanidondoka. Yeye hakucheka. Akasema mashairi mengine yamebaki bila jina la mwenyewe, kitabu kinasema tu "mwanamke mmoja kasema".

"Na hili lako, katunga nani?"

"Mimi hapa."

"Mtunzi anasema alimkanda baba yake miguu kila alfajiri, anajua kidole kipi kilikuwa kinamuuma. Kipi, mwanangu?"

Mama, sikujua.

Shairi ni la Zuhura, mdogo wangu. Nililitoa kwenye daftari lake, nikamwambia mwanamke hasimami kusoma mbele ya wanaume, lete nisome mie. Watu wakanipa mkono, baba mkubwa akanivalisha kofia ya baba, wewe ukalia ukasema nina kipaji. Mwenyewe alikuwa jikoni anapakua wali, anasikia yote. Hajanisema mpaka leo.

Sasa kaniandikia kwenye simu kwamba umemkataza kutunga, eti kipaji cha nyumba hii ni changu, na madaftari yake unafungia maandazi. Mama, acha. Tafuta magazeti ya kufungia. Humo kwenye madaftari ndimo baba alimobaki.

Kwenye hitima ya baba inayokuja mwambie baba mkubwa kwamba niliiba. Halafu Zuhura asome mwenyewe, atajwe jina lake na la baba yake. Kofia imo kwenye kifurushi hiki, ni yake. Kukupigia niliogopa, ungenikatia simu katikati.

Nisalimie baba mkubwa akishatulia, na shangazi wa dagaa. Zuhura usimpe salamu zangu. Nitampigia mwenyewe, akikubali kupokea.

Mwanao Hamisi, muuza masufuria