Usipanguse, Hiyo Ni Miaka

Mama, shikamoo. Bujumbura joto linanata, lakini leo mwili umenisisimka. Mwenyeji wangu, Espérance, anachunguza tope la chini ya Ziwa Tanganyika. Hulitoa kwa bomba refu, kisha hulipasua kama muwa. Chini nimeona tope jeusi limejaa magamba ya konokono, madogo kama punje za ulezi. Juu ni udongo mwekundu, na gamba hata moja hakuna. Hawakupungua kidogo kidogo, Mama: wapo, halafu hawapo. Katikati kuna mstari mwembamba kuliko ukucha. Nikadhani ni uchafu (si umenilea wewe?), nikapeleka kidole niupanguse.

“Apana! Hiyo ni miaka!” Espérance akanidaka mkono, kidole kimeshagusa. “Apo babu zetu walikata musitu kule ku mulima. Mvua ikashusha udongo, konokono zikakufa. Na shamba yangu mi iko pale pale.”

Nikarudisha mkono, tope bado liko kidoleni.

Mungu akutunze, wewe na kitambaa chako cha vumbi. Hiyo alama ya kidole kwenye kona ya kadi hii, nakuomba, usiipanguse.