Maganda Mazima ya Mukenea

Mama yangu wa Kitui,

Julai imefika Uthiru na wewe hujafika. Asubuhi ukungu hulala juu ya Waiyaki Way mpaka magari yanawasha taa, nami husimama kwenye sinki nikitazama vidole vyangu vikigeuka vyeupe, kuanzia kile cha kati. Unavijua. Kwanza vinakuwa kama chaki, kisha vinapiga zambarau, na damu ikirudi vinawaka moto. Miaka yote ya ndoa yangu na mwanao Mutua, baridi ikianza tu ulikuwa umeshashuka basi na gunia lako. Wazee wengine huikimbia baridi ya Nairobi. Wewe uliacha jua lako ukaifuata, kwa ajili ya vidole vya mke wa mwanao.

Nakumbuka ulivyoviona mara ya kwanza. Nilikuwa nimerudi kutoka mjini, kwenye kibanda changu cha maua, ambako mikono hushinda ndani ya ndoo za maji baridi. Siku hiyo mteja alikuwa ameniuliza, "Madam, kwani umeshika chokaa?" nikaificha mikono chini ya aproni. Kwako haikufichika. Ulisema tu, "Lete mkono," ukaubana kwapani mwako, ukaendelea kuongea na jirani habari za kunde. Nilisimama pale nimeinama, nikiona aibu, na sikutaka uniachilie.

Kesho yake ulitoa maganda ya mti wa mukenea kwenye gunia, mazima, na vinundu vyake vya miiba, ukaanza kuyatwanga sakafuni kwa kile kinu kidogo ulichokibeba kutoka nyumbani. Nikakuuliza kwa nini usiyatwangie kulekule Kitui, mzigo uwe mwepesi. Ulinitazama kana kwamba nimetukana mtu. "Unga inakufa njiani," ulisema. "Hii inatwangwa pale mgonjwa yuko." Basi ukawa unatwanga, kila mwaka, mpaka Agosti iishe. Mama wa nyumba ya chini alipanda kuuliza kama tunabomoa ukuta, ukampa kikombe badala ya jibu. Alipiga funda moja, ulimi ukafa ganzi, na hakuja kulalamika tena. Tulicheka mpaka ukashika mbavu.

Na dawa yako ni kali, Mama, tusidanganyane. Uliichemsha na tangawizi mpaka dirisha likatoka jasho, ukaketi mbele yangu kama askari kuhakikisha nimemaliza. Daktari niliyemwona karibu na Adams Arcade alinieleza kwamba mishipa ya damu inajibana ikishikwa na baridi. Akanipa vidonge, akaniambia nivae glavu. Nilipomtajia mukenea alisema pengine kinachonisaidia ni kule kushika kikombe cha moto. Nilikuletea maneno hayo nikitegemea vita. "Basi shika kikombe," ulisema. "Na ukinywa pia, haitakuua."

Pasaka hii Mutua alihamia Dagoretti Corner kwa mwanamke mwingine. Hayo unayajua, na sitakuandikia ya mwanao, kwa sababu nilishayalia yakaisha. Kisichoisha ni wewe. Tangu hapo hujanipigia na mimi sijakupigia. Nadhani wewe unaona aibu kwa ajili yake, na mimi naogopa. Nikisikia sauti yako nitaulizia mvua na mifugo, halafu nikate simu kabla ya kuuliza ninachotaka kujua: kama mwanao ameondoka, wewe pia umeondoka? Sikujaliwa mtoto wa kukuita bibi. Hapa Uthiru hukuwa na mjukuu wa kuja kumwona. Ulikuwa na vidole vyangu tu.

Wiki iliyopita Mutua alikuja kibandani. Alisimama kando ya waridi akipapasa mifuko, kisha akanipa mkebe wa kakao.

"Mum amesema nikuletee hii. Ni ile dawa yako."

Niliufungua mkebe, Mama, kabla hajamaliza kusema. Ndani kulikuwa na unga. Laini, umetwangwa na kuchekechwa, umejaa mpaka kwenye kifuniko.

"Kwani yeye hakuji?"

"Si unajua vile mambo iko saa hii," alisema, huku akiangalia barabara.

Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa nikalia mbele ya wateja. Mutua akadhani namlilia yeye. Mwache adhani.

Nilielewa kila kitu. Uliketi kwenye ua wako ukatwanga peke yako, maganda ya msimu mzima, ukijua kwamba nguvu itapotea njiani, kwa sababu uliona huna tena mlango wa kubisha Nairobi. Ulinitumia dawa ili usinitumie kwaheri. Nimeinywa. Ladha ni ileile, ulimi unakufa vilevile, na kikombe nimekishika kwa mikono miwili kama daktari alivyotaka. Vidole vimepata joto kidogo. Mimi sijapata. Nina hamu nawe mpaka nyumba naiona kubwa, na ni chumba kimoja na jiko.

Sasa nisikilize. Unakumbuka mwaka ule nilipogombana na Mutua nikafunga mizigo niende kwetu Kikuyu? Hukunibembeleza. Ulisimama mlangoni na mchi mkononi, ukaniuliza kama nimewasahau mbuzi wa ntheo, wale mliowaleta kwa baba yangu ndipo nikahesabiwa mke kwenu. "Mbuzi tulishakula," ulisema. "Watu wenu na watu wetu. Ni nani atazitapika?" Nilicheka nikiwa bado na machozi, nikafungua mizigo.

Basi nami nakuuliza leo, Mama. Ni nani amewatapika? Mutua aliondoka peke yake. Hakuwa yeye peke yake aliyekula.

Mkebe wako naurudisha kwa basi la Kitui. Sijaurudisha mtupu; wewe hukunifundisha hivyo, wala mama yangu mzazi. Nimeujaza njahi, yale maharagwe meusi ya shamba lake, na hata yeye anakuulizia kila tukionana. Unga uliobaki nitaunywa, usiogope, lakini usiniletee mwingine. Kinu kiko palepale chini ya sinki. Nimekiosha, na mama wa nyumba ya chini nimeshamwonya kuhusu kelele.

Lete maganda mazima.

Ni mimi,
binti yako wa Uthiru