Kioo Kwenye Ufa

Suffolk, Machi 1978

Mdogo wangu Clement,

Sisi wazima, kondoo wanazaa, na jirani yetu Thirtle bado anachukua ngazi yangu bila kuomba.

Ukuta umesimama. Kiangazi kile cha ukame, ulipouona ufa umepanda toka dirisha la jikoni hadi paani, ulisema, "Dada, nyumba imekwisha hii, bomoa tuuze kiwanja," ukaenda zako London. Mimi nikabaki ndani yake. Nilibandika kipande cha kioo juu ya ufa, kikashika pande zote mbili, maana ukuta ukisogea hata unywele, kioo kitapasuka. Thirtle akacheka: "Hester, hicho kidirisha kinamchungulia nani?" Nikamjibu, "Wewe, mwizi wa ngazi!"

Kila asubuhi nilikwenda kukitazama kabla ya chai. Mvua zikaja, udongo chini ya nyumba uliosinyaa kwa ukame ukalowa tena, theluji ikapita. Mwaka na nusu, na kioo kizima! Jana nimeziba ufa kwa chokaa na matofali kumi na manne ya zamani, moja likionyesha ubavu wake mrefu, la pili kichwa chake kifupi, kama walivyoyapanga wazee wetu. Usiku nikalala fofofo.

Kioo nakutumia pamoja na barua hii. Kifungue taratibu, ukutani kimestahimili, kisije kikavunjikia mikononi mwako.

Dada yako uliyemwachia nyumba,
Hester