Wametoka Wao, Kahawa Ni Yetu

Jumatano

Bado sielewi. Mnunuzi wetu Mwingereza kapiga simu leo: hatachukua tena kahawa yetu ya hapa Uru. Alikuwa anaikaanga kwao na kuiuza Ufaransa, lakini tangu nchi yake ijitoe kwenye Umoja wa Ulaya, ushuru na gharama za mpakani zinamaliza faida yote.

Nikamweleza mama, maana kihamba, hili shamba letu la ukoo, ni chake.

"Wametoka wao," akasema, "mbona tunaoumia ni sisi?"



Jioni nikamkuta na panga, ameshakata mbuni mmoja wa kahawa aliopanda na marehemu baba. "Napanda parachichi, mwanangu."

Nikamnyang'anya panga. Nimelificha uvunguni mwa kitanda changu. Kesho akiniuliza tunasubiri nini, sijui nitamwambia nini.