Mtungi wa Maji Kando ya Shimo la Moto

Mwahija, shoga yangu, akida amemchukua Huseni. Mjukuu wangu! Huseni aliyenichimbia shimo la moto uani!

Ni akida yule yule aliyetangaza sheria hapa Tingi, ukasikia mwenyewe: moto wa uani uwe shimoni, uzungushiwe mawe, uwe mbali na makuti, na mtungi wa maji usikose kando yake. Tulifanya yote.

Ameingia bila hodi, akaukazia macho mtungi. "Maji haya ya nini, bibi? Dawa ya waasi?"

Nikamwambia, "Ni maji ya sheria yako, mwanangu."

Akayamwaga yote mchangani. Kisha, wallahi, akasema, "Moto huu hauna maji. Mmevunja sheria."

Hauna maji! Na ameyamwaga yeye!

Askari wake wakamfunga Huseni kamba, wakampeleka bomani. Askari mmoja alimlegezea fundo kwa siri. Huyo, Mungu atamlipa. Akida nitamlipa mimi.

Nimepita nyumba zote, imebaki yako tu. Viberiti havipo dukani tangu vita vianze, na wake zake hupalia moto kwetu. Leo hakuna aliyewapa kaa hata moja. Ana wageni Wadachi, na mbuzi bado mbichi.

Amekuja mwenyewe sasa hivi, kigae mkononi. "Bibi, nipalie moto."

Nimemwambia, "Sitausogelea moto bila maji, mwanangu, ni sheria yako. Na anayenichotea maji umemfunga."

Ametoka mbio kuelekea bomani. Akipitia kwako kwanza, Mwahija, usimpe hata jivu.