Nilimtumia Mchumba Shairi la Kimetafizikia Akiwa Msibani

Mama Achola mpendwa, nakuandikia kwenye safu yako ya ushauri kutoka kitongoji cha Minto, huku ughaibuni, naomba unisikilize bila kunicheka, mimi naitwa Patient, nafanya kazi depo ya mizigo, na tangu lokdauni ianze nasoma Kiingereza kwa Zoom, na huko mwalimu alitufundisha mashairi ya kimetafizikia, yale ya Waingereza wa karne ya kumi na saba, akasema utayatambua kwa alama zake: yanaanza ghafla kama mtu anayegombana na aliye mbele yake, yanafananisha vitu visivyofanana kabisa na kuung'ang'ania mfano huo mpaka mwisho, yanajenga hoja hatua kwa hatua kama wakili, na yanachukua mapenzi, kifo, Mungu, roho na mwili, yote kwa pamoja, nami nikayapenda maana napenda kubishana.

Sasa mwezi wa nane mama wa mchumba wangu Nsimire akafariki Bukavu, mipaka imefungwa, Nsimire akatazama maziko kwenye simu, peke yake, kwake Merrylands, kitongoji kingine cha huku, na mimi nilikuwa karantini kwa sababu mwenzangu kazini alikutwa na korona, nikaona nimfariji kwa shairi. Nilianza, "Nyamaza, unamlilia nani?" kisha nikasema mwili ni boksi na roho ni mzigo, mzigo umefika na mwenyewe, Mungu, ameshasaini kuupokea, basi nani hulilia boksi tupu, beti sita, mwalimu akalisifu. Nsimire akanipigia.

"Patient, yule niliyemwona akishushwa kaburini ni boksi?"

"Hapana chérie, mpenzi wangu, ni mfano tu, ngoja nikueleze."

Akakata. Nikamtumia ujumbe wa sauti wa dakika kumi na moja nikimfafanulia alama zote za mashairi hayo, hakujibu kwa siku nane, karantini imeisha juzi, na jana ameandika mstari mmoja tu, kwamba harusi tuiache. Je, nimtumie maelezo mafupi zaidi?

Patient, Minto

*

Patient, pole kwa msiba, maana alikuwa mama yako pia. Usitume maelezo, mafupi wala marefu.

Somo ulilielewa nusu. Mfano wako umetoka mbali, sawa, na hoja zimepangika. Lakini katika mashairi hayo anayetoa hoja ameumia yeye mwenyewe. Anabishana na kifo kwa sababu kimemgusa, akili na moyo vikifanya kazi pamoja. Wewe ulibishana na mfiwa. Ulitaka anyamaze ili wewe upumzike. Tena uliambiwa roho na mwili kwa pamoja, wewe mwili ukautupa! Mwili huo ndio uliomzaa Nsimire na kumbeba mgongoni, naye binti hakupata hata kuuosha kabla ya maziko. Unauitaje boksi?

Sikuoni kuwa mtu mbaya. Mtu mbaya hakai kutunga beti sita.

Pima korona kwanza, usubiri majibu. Uliza kanuni za wiki hii za kumtembelea mchumba, kisha panda treni. Simama mlangoni na barakoa yako, sema, "Nilikosea," na usiongeze "lakini". Muulize mama yake alipenda kupika nini, nani alimpa mama huyo jina lake. Harusi usiitaje. Asipofungua, acha chakula mlangoni, mwandikie kwamba utarudi Jumapili, na kweli urudi.

Akifungua, akaanza kulia, usiseme kitu. Kaa.