Mtawa Asiyeweza Kukaa

Jumatano, 9 Januari

Damu. Kwenye karatasi, nyekundu mbichi. Si nyingi, lakini ni yangu. Na maumivu! Kama nimekunya vigae. (Mtawa anaandika neno hilo. Basi, nani anasoma?)

Nilidhani yataishia chooni. Wapi. Yamenifuata hadi ukumbini, yakakaa nami kwenye mto wa kukalia. Majira yote ya baridi sisi watawa wa Kibudha tunakaa kimya, tumeuelekea ukuta, tunatafakari. Wenzangu wanatafakari utupu. Mimi natafakari tako.

Ijumaa, 11 Januari

Leo sikwenda kabisa. Choo kiko nje, njia ni barafu, na upepo unapanda kutoka shimoni. Nimebana. Maji nayo siyanywi, nisije nikaitwa. Akili nyingi.

Dowon sunim (ndivyo tunavyoitana watawa kwa heshima), mtawa wa jikoni, amesema natembea kama bata aliyemeza ufunguo. Nikasingizia nyonga. Akazitazama kamba za matunda ya persimoni yanayokauka chini ya paa lake, zimepungua, akauliza kama panya wa mwaka huu wananyoa vichwa.

Sikujibu. Nilikuwa natafuna.

Jumatatu, 14 Januari

Choo leo. Nimeuma mkono wa joho ili nisipige yowe. Damu tena.

Ukumbini niliegemea kushoto. Jigwang sunim, msimamizi wa nidhamu, mgongo wake kama mlingoti, akanigusa bega kwa fimbo ya mianzi. Nikaegemea kulia. Akanigusa bega la pili. Baadaye aliniita, akaniambia mwili ukinisumbua niutazame, nisiukimbie. Nikainama. Moyoni nikasema: upande ule, sunim, siuoni.

Mzaha kando. Mama mdogo alikufa kwa saratani ya utumbo, na ilianza hivihivi. Damu kwenye karatasi, akanyamaza kwa aibu. Naogopa.

Nimemwambia Dowon kila kitu. Hakucheka. Alikwenda kucheka ghalani, nikamsikia.

Jumanne, 15 Januari

Dowon aliomba ruhusa twende mjini kununua mwani. Si uongo, tulinunua.

Chumba cha kungojea kule kliniki — kila mtu kajificha nyuma ya gazeti. Tulipoingia na majoho yetu ya kijivu, magazeti yote yakashuka.

Daktari ni mwanamke, anaitwa Pyo. Mikono yake ina joto, Mbingu zimbariki. Nilale ubavu wa kushoto, magoti kifuani. Alitenganisha matako kwa vidole, akatazama, basi. Kuingiza kifaa leo ungekuwa ukatili, alisema.

“Si saratani, sunim. Wala si bawasiri. Ngozi imechanika, kama mdomo unavyopasuka kwa baridi.”

Nikalia. Kwa pozi lile, nikalia.

Kisha maswali: nakula nini, nakunywa maji kiasi gani, nabana? Nikajibu yote. Na persimoni kavu je, maana hizo hufunga tumbo? Dowon akakohoa nyuma ya pazia.

Akanieleza. Choo kigumu kinachana. Maumivu yanaukaza msuli. Msuli uliokaza unakinyima kidonda damu, hakiponi. Nami kwa woga nabana, choo kinazidi kuwa kigumu, kinachana upya. Tangu ninyolewe nafundishwa habari za gurudumu la mateso. Nimelielewa leo, nimelala ubavu.

Tiba: dawa ya kupaka ya kulegeza msuli, kichwa kitauma kidogo. Unga wa nyuzinyuzi, maji mengi, mboga. Kukalia maji ya uvuguvugu, hasa baada ya choo. Nisijikamue, nisibane. Wiki kadhaa. Kisipopona, tutazungumza habari za sindano au kisu kidogo.

“Na haja ikikuita,” akasema, “nenda. Hata kama unakaribia kupata nuru.”

Alhamisi, 17 Januari

Kichwa kinagonga kama ngoma ya alfajiri. Lakini chooni — nafuu! Kidogo, ila nafuu.

Dowon kabadilisha chakula cha wote, nisionekane peke yangu. Wali una shayiri, viazi vitamu na maganda yake, kabichi, supu ya mwani. Aliogopa manung'uniko. Hakuna aliyenung'unika. Asubuhi njia ya chooni ilikuwa na msafara, na watawa wawili wazima walirudi wanatabasamu.

Ajabu. Nilidhani ni mimi tu.

Jumapili, 20 Januari

Bafuni, baada ya chakula cha mchana. Naandika nikiwa ndani ya beseni, joho nimelikunja hadi kifuani, daftari magotini. Na sasa hivi limetokea jambo.

Jigwang sunim aliingia. Hakubisha hodi. Alinitazama, mimi na beseni langu. Nikajaribu kuinama kwa heshima, maji yakamwagika sakafuni.

Nikasema ni amri ya daktari. Nikasema yote, kwa sauti ndogo: mpasuko, msuli, dawa. Nikangoja kuambiwa nifungashe.

Akauliza, “Maji ya moto kiasi gani?”

Nikasema kama ya kumwogeshea mtoto.

Akachovya kidole. Akainuka, mgongo wima. Kisha, huku akitazama ukuta, akauliza kama huyo Daktari Pyo hutazama hata kidonda cha miaka mingi. Nikasema nadhani ndicho anachokipenda.

“Usiyamwage,” akasema, akatoka.

Nimebaki nimekaa. Maji yanapoa, siwezi kuondoka, nimeamriwa. Huko nje nasikia viatu kwenye theluji, vinarudi. Na mabeseni yanagongana.

Si viatu vya mtu mmoja.